Siku moja na sanduku la alumini: kupeleka umeme bila waya ndani ya chuma

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijawasha mashine yoyote, nalikagua sanduku. Ni la alumini, sentimita 60 kwa 50 kwa 40, na kazi yetu ni kuvipa umeme vihisi vya joto vilivyomo ndani bila waya wala betri. Chombo cha chuma kilichozibwa, ukikitoboa kupitisha waya wa kila kihisi umekitia udhaifu. Ukiweka betri, iko siku utalazimika kukifungua. Basi tunaingiza antena moja tu, mawimbi ya redio yafanye yaliyobaki.

Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Wanajua chuma huzuia mawimbi, na ni kweli. Mwanasayansi Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1836. Ila chuma kinachozuia mawimbi yasiingie ndicho hicho kinachoyazuia yasitoke. Mahali pa wazi, sehemu kubwa ya nguvu ya antena hupotelea hewani. Humu ndani, wimbi lililokikosa kihisi hugonga ukuta, likarudi, likagonga tena, pengine mara mamia, mpaka lipate wa kulipokea au liishie kuwa joto kwenye kuta. Hilo ndilo lililonivuta kwenye kazi hii, na mpaka leo sijalizoea.

Saa 2:15. Naunganisha antena na mashine inayotuma mawimbi na kupima yanayorudi. Sanduku lina masafa yake linayoyaitikia, kama chupa inavyovuma ukiipuliza mdomoni. Hili letu linaanza kuitika kwenye megahezi 390 hivi. Ukipanda juu miitikio inasongamana. Ukifika gigahezi 2.45, masafa yale yale ya oveni ya maikrowevu, umeshapita zaidi ya 500.

Saa 3:30. Kipande cha siku ninachokipenda kuliko vyote. Nimefunga kitaa kidogo kwenye uzi wa nailoni, pamoja na rektena yake: antena fupi inayopokea wimbi, daiodi ya Schottky inayoligeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja, na kapasita, kifaa kinachoweka akiba ndogo ya umeme, ya kuutuliza. Rektena si ngeni. Mwaka 1964 mhandisi William C. Brown alirusha helikopta ndogo kwa umeme wa mawimbi tu.

Navuta uzi taratibu huku nikichungulia kwenye vitundu vya milimita 2 mlangoni. Vitundu hivyo ni vidogo mno kwa wimbi la sentimita 12, halipiti. Kitaa kinawaka sana. Navuta sentimita moja, kinafifia. Nyingine mbili, giza. Navuta tena, kinawaka upya. Mawimbi yanayokwenda na yanayorudi yanakutana: pengine yanaongezeana nguvu, pengine yanafutana. Kihisi kikiangukia pale yanapofutana, kimekufa.

Saa 5. Dawa ya hilo ni bapa la chuma linalozunguka polepole karibu na dari ya sanduku. Sisi tunaliita mwiko. Kila likigeuka, sehemu zenye giza zinahama, na kapasita inakivusha kihisi mpaka nguvu irudi. Volti za kihisi zinatulia kwenye 3.1.

Saa 7 mchana. Mapumziko, lakini mazungumzo ni yale yale. Mwenzetu mpya anauliza kwa nini tusitumie masafa ya chini, kama chumba cha umeme bila waya kilichojengwa mwaka 2017 na Disney Research, kitengo cha utafiti cha kampuni ya Disney: kuta za chuma, nguzo katikati yenye kapasita, megahezi 1.32, na uga sumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku, unaoizunguka nguzo na kubeba umeme. Swali zuri. Chumba kile hakisumbuliwi na giza hili la sentimita chache. Lakini kinataka nguzo katikati, na katikati ya chombo chetu hapana nafasi.

Saa 8:30. Mambo yanaharibika. Volti zinashuka hadi 1.9, kihisi kinanyamaza. Nabadilisha kebo. Nabadilisha daiodi. Nakagua mwiko. Saa nzima inapita, kisha kipimo cha mawimbi nilichokiweka nje kinapiga kelele nikikisogeza kwenye ukingo wa mlango. Nazima mtambo kwanza, ndipo nasogea.

"Fundi, skrubu ya hapa iko wapi?"

"Niliitoa asubuhi, mwalimu, kichwa kimelika. Nikajua moja haitadhuru, zimebaki nyingi."

Skrubu zetu zimepangwa kila sentimita 3. Ukitoa moja, unabaki mwanya wa sentimita 6, na 6 ni nusu ya urefu wa wimbi letu. Mwanya mwembamba wa kipimo hicho ni antena kamili. Ulikuwa ukirusha nje nguvu tuliyoitengea kihisi. Simlaumu fundi. Mwanya wenyewe haukuwa na upana hata wa kupitisha karatasi mbili, nami nimepita mbele yake mara tano. Kosa ni langu: ukaguzi wa asubuhi niliufanya kwa macho tu, sikupima.

Saa 10:15. Skrubu mpya, na utepe wa shaba kuzunguka ukingo mzima. Nje, kipimo kimya. Ndani, 3.1.

Saa 11:30 jioni. Nimeandika kwenye daftari: kabla ya kuwasha, hesabu skrubu, kisha pitisha kipimo ukingo mzima. Sanduku linabaki likifanya kazi usiku kucha kwa wati 2, mwiko ukizunguka, kihisi kikituma joto lake kila dakika. Nimechungulia mara ya mwisho kwenye vitundu. Kitaa kinawaka.