Mama ana sukari na presha, akapata Korona

Wenye wazazi wagonjwa wa sukari naomba msome hii. Mama yangu yuko Mikindani, ana sukari na presha miaka mingi sasa, anachoma insulini asubuhi na jioni. Julai 2021 akaanza homa na kikohozi kikavu, siku ya pili chakula hakipiti, hata uji anausukuma. Hapo ndo nilipokosea na mpaka leo inaniuma, nikawaza hajala huyu, nikimchoma sukari itashuka atazimia, basi sindano tukasimamisha, shangazi akamkorogea glukosi apate nguvu na madafu juu yake. Kumbe mwili ukipambana na kirusi sukari inapanda yenyewe hata kama hujatia kitu tumboni! Usiku anahema haraka haraka, anakojoa kila saa, mi ananiita jina la dada yake marehemu. Kupima, mashine ikaandika HI, maana yake imepita 33 haiwezi tena kusoma.

Bajaji mpaka hospitali ya Ligula, Mtwara. Oksijeni ya damu asilimia 86, wakati inatakiwa 95 kwenda juu. Daktari akatuelewesha kwamba sukari ikikaa juu zile chembe nyeupe za damu zinalegea, kirusi kinatamba, na presha nayo ilishachosha moyo na mishipa, ndo maana kijana wa jirani aliugua siku tatu akaamka ila mama ikamlaza. Hata dexamethasone aliyopewa kwa ajili ya mapafu inapandisha sukari, kwa hiyo insulini ikabidi waongeze. Siku tisa tulikaa pale.

Saivi akipata homa yoyote, hata mafua tu, nampima kila baada ya masaa manne naandika kwenye daftari, sindano haikatwi kienyeji, dozi nauliza kwa nesi wa kliniki yake, maji anakunywa mengi, glukosi haiguswi labda mashine isome chini ya 4. Nilinunua na kile kimashine cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ikishuka chini ya 94 hatusubiri kuche. Chanjo alikuwa anaiogopa sana, nikamwambia mama wenye sukari na presha ndo wametangulizwa, Oktoba akachoma Janssen, dozi moja.

Mwezi uliopita kapata mafua makali, sukari 14, nikapiga simu, nesi akasema ongeza uniti mbili. Asubuhi ikasoma 9 na uji akamaliza.