Kurasa Nilizoziacha Nyeupe

Juzi mpwa wangu aliniomba Kidagaa Kimemwozea, ile riwaya ya Ken Walibora tuliyoisoma sekondari. Nikaitoa sandukuni, jalada limeshikizwa kwa selotepu, pambizo zimejaa mwandiko wangu wa penseli wa mwaka 2014, kidato cha tatu. Kabla sijampa, nikaketi nikaipitia.

Nilikuwa nimemwandama mhusika Mwalimu Majisifu kama askari. Pale mswada wa kijana Amani unapogeuka kitabu chenye jina la Majisifu, nimeandika kwa herufi kubwa: MWIZI. Sijabadilisha kauli. Mtu mwenye elimu na lugha, ambaye angewashika mkono wanaochipukia, anautumia ujuzi huohuo kuitambua kazi nzuri ya kijana, kisha anaipora. Asiyejua kuandika asingejua hata cha kuiba.

Lakini kuna kurasa ambazo sikuzigusa. Ni zile za Uhuru, kitoto kilichoachwa mlangoni pa Amani. Wanakijiji wa Sokomoko hawaulizi mara mbili. Amani ni mchunga ng'ombe, mgeni, hana wa kumtetea. Basi mtoto ni wake. Yeye na rafiki yake Imani wanamlea, wanamkimbiza hospitalini, hawahudumiwi, mtoto anafariki, na wanaotiwa mbaroni ni haohao waliomlea. Sisi wasomaji tunajua kwamba baba ni Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko. Wanakijiji hawajui, wala hawana haja ya kujua. Na hapo pambizo zangu ni nyeupe pepepe.

Najua sababu. Mwaka ule msichana mmoja wa bweni letu aliondoka katikati ya muhula. Tukasema ana mimba. Mimi ndiye niliyesifiwa kwa ushairi shule nzima, nikamtungia beti nne, vina vya kati na vya mwisho, mizani kumi na sita bila kasoro. Kibwagizo kilikuwa na jina lake. Wenzangu walikiimba wakifua nguo bombani, nami nikaona fahari kuliko siku niliyopewa zawadi ya insha.

Alirudi muhula uliofuata. Kumbe alikuwa akimuuguza mama yake aliyelazwa, kwao hakuna mwingine wa kukaa naye.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na desturi ya kutusomesha kwa zamu, na siku tulipofika kwenye habari za Uhuru, zamu ikamwangukia yule msichana. Dawati lake lilikuwa mbele ya langu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, sweta limetoboka kiwikoni. Alipofika pale Amani anapobambikwa mtoto, alinyamaza, akameza mate, akaendelea. Darasa zima tuliinamia vitabu. Penseli ilikuwa mkononi mwangu, sikuandika neno.

Sikumwomba radhi. Tulimaliza kidato cha nne, kila mtu akashika njia yake, na hadi leo nikisikia watu wakisifu shairi lenye makali, tumbo hunikaza.

Mpwa wangu ana miaka kumi na sita na ana ulimi wa kunoa maneno. Majina ya utani anayowapa wanafunzi wenzake huwaganda. Nikachonga penseli, nikaandika jina la yule msichana kwenye pambizo ya ukurasa aliousoma. Jina tu, bila kibwagizo. Ndipo nikampa kitabu.

Jana usiku alinitumia ujumbe: "Shangazi, huyu ni nani?"

Nimempigia simu.