Kikombe cha kijani

Tumefika nyumbani Kondele jioni hii, kijana wangu katoka kusafishwa damu. Masaa 4 kwenye mashine. Ana miaka 9.

Figo zake hazitoi maji mwilini, kwa hivyo amepimiwa nusu lita kwa siku, chai na uji vikiwa humo humo. (Na jua la Kisumu mnalijua.) Ndizi tumeacha, parachichi pia. Viazi nachemsha mara mbili, maji namwaga.

Sasa leo.

Naingia jikoni, namkuta dadake wa miaka 6 amejibanza nyuma ya mlango na kikombe cha kijani. Anakunywa polepole, bila sauti.

"Unajificha nini?"

"Nisimtie kaka kiu."

Hakuna aliyemfundisha. Nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu Krismasi.

Nilisimama pale na sufuria mkononi. Sikujua nimkumbatie ama nimwambie, "Mama, kunywa tu mezani."

Kumbe kaka mtu anajua siku zote. Ananiambia huwa anamsikia akimeza.

Wazazi wenzangu mnaouguza mtoto wa figo, hawa wengine nyumbani huwa mnawaambiaje?