Tumbaku, Mlima Moroto na Kisoo

Nililala Mbale, mashariki mwa Uganda, asubuhi nikadandia basi la Moroto, Karamoja. Tulipokaribia Nakapiripirit, Mlima Kadam ukajitokeza upande wa kulia. Mama niliyekaa naye akaniuliza: nimefuata ng'ombe au marumaru? Nikamwambia nataka kusikia Kisoo. Alicheka hadi akashika kiti cha mbele. "Hicho si cha wazee tu, mwanangu?"

Hakukosea. Kisoo ni lugha ya watu ambao majirani zao wafugaji, Wakaramojong, huwaita Watepeth, wa milima ya Moroto, Kadam na Napak. Ina ndugu wawili: Kiik cha Kaabong, ambacho watoto bado wanakiongea, na Kinyang'i, kilichokwisha kumezwa. Wataalamu huziita zote tatu Kikuliak, jina linalotokana na neno la majirani wafugaji lenye maana ya maskini, yaani mtu asiye na ng'ombe. Kupachikwa jina hilo ni dharau, ila ndani yake mna historia nzima: aliyepata ng'ombe, akaoa au kuozesha bondeni, alirudi mlimani na lugha ya wenye ng'ombe.

Njia ya Tapac, kwenye Mlima Moroto, niliongozwa na askari mstaafu, Mtepeth. Tulielewana kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi, maana mimi nami nimekulia humo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, lakini ukikiongea Kampala wapo watakaoshika mifuko yao. Wanakiita lugha ya askari na wezi. Huku juu kilikuwa ndicho changu pekee chenye faida.

Tulimkuta mzee kwenye ekicholong yake, kigoda kile ambacho usiku hugeuka mto wa kichwa. "Ejoka," nikasalimu, Kikaramojong changu chote kikaishia hapo. Nikatoa tumbaku. Mzee akainusa, akamwita bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mtama, na wakaanza kuongea wao kwa wao. Watoto waliacha kucheza, wakawatazama midomo.

"Wanasemaje, afande?"

"Sijui. Baba yangu alikuwa anakijua. Sisi alitusemesha Kikaramojong, tusichekwe kisimani."

Bibi akanigeukia, akauliza jambo kwa Kikaramojong. Afande akatafsiri: "Anataka kujua kama wewe unaongea lugha ya bibi yako."

Bibi yangu alikuwa Mkakwa. Nilichobaki nacho ni salamu, matusi mawili, na wimbo wa kubembelezea mtoto ambao maneno yake siyajui maana. Niliona aibu, nikaimba ule wimbo, sauti ikinikwama.

Mzee akasema kitu kifupi kwa Kisoo. Bibi akaangua kicheko, ungo ukamtetemeka mtama ukamwagika. Nikamtazama afande anitafsirie. Alikuwa ameinama, anawasaidia watoto kuokota mtama.