Ile klipu ya bibi sio Kiarabu

Kuna klipu ya sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bibi anasimulia kitu, kwa nyuma kuku wanalia na mtu anakohoa, chini wameandika tu "wadau hii lugha gani". Kwenye grupu letu la mtaa huku Tabata watu wakagawana fasta, hawa Kiarabu, wale Kisomali, na mmoja kakomaa kabisa kwamba ni Kihadzabe. Mi haya mambo nayapenda mno, nikavaa hedifoni nikaisikiliza kipande kwa kipande.

Kihadzabe nilikitoa mapema. Kihadzabe na Kisandawe vimejaa vidoko, zile sauti za kualisha ulimi, na bibi kaongea mpaka mwisho hakuna hata kimoja. Waliosema Kiarabu nawaelewa maana ana zile sauti za herufi za Kiarabu, ain na ha, za kooni kabisa. Ila kuna sauti nyingine inajirudia kila saa: weka ulimi kama unataka kusema la, af usitoe sauti, puliza tu hewa ipite pembeni ya ulimi. Kiarabu cha siku hizi hakina hiyo, Kisomali nacho hakina. Wairaqw, wale wengi tunawaita Wambulu, wanayo, wanaiandika sl, kama kwenye slee yaani ng'ombe. Sasa ukikuta koo hilo pamoja na hiyo sl, na vidoko hamna, kwa hapa Tanzania unaanzia kwenye lugha za Kikushi, ukoo mmoja na Kisomali, za Manyara na Kondoa huko: Kiiraqw, Kigorowa, Kialagwa, Kiburunge.

Programu ya simu ya kutambua lugha nayo niliijaribu, ikasema Kisomali. Hizi programu nyingi zinachagua kwenye orodha ya lugha zilizofundishwa, kwaiyo kama yako haimo zinakupa inayofanana nayo, na zinakupa kwa kujiamini kweli. Meta, wale wenye Facebook, walitangaza mwaka 2023 mfumo unaotambua lugha zaidi ya 4,000 kwa sauti, ni kazi kubwa na naiheshimu, lakini sehemu kubwa ya sauti walizoufundishia ni watu wanasoma maandiko ya dini, bibi anayesimulia uani kuku wakilia ni habari nyingine.

Kwa mimi sikio la mtu bado ndo lenyewe, na Dar kila kabila lipo. Nikaenda stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikamkuta konda wa basi la Babati anapanga mizigo, nikamwambia kaka samahani, nisikilizie hii kidogo. Akaweka simu sikioni, sikio la pili akaliziba na kiganja maana honi zilikuwa balaa, na bibi hajafika mbali jamaa keshaanza kutabasamu.

"Huyu wa kwetu kabisa. Mi Muiraqw, karibu yote naelewa, anaongelea fisi. Ila yeye Mgorowa, sikia anavyovuta maneno."

Hapo ndo mashine na sauti zangu za sl zisingefika, hizo lugha mbili ni ndugu wa karibu sana. Kaichukua klipu ampelekee mama mmoja wa Kigorowa jirani yao Babati, tafsiri ikija naiweka hapa hadithi yote.