Kinanda cha kanisa gani

Jumapili usiku, Bergen. Mvua, kama kawaida.

Jana Mama alipiga simu nikiwa sijapunguza sauti ya spika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hicho kinanda ni cha kanisa gani, mwanangu? Kinapendeza." Nikamwambia ni muziki wa hukuhuku Norwe. Sikumdanganya. Nilichomficha ni jina la wimbo: "Opus a Satana". Tukahamia kwenye mahindi na mahari ya binamu, lakini mimi mawazo yalishaondoka.

Wimbo huo umo kwenye diski ya pili ya Scattered Ashes, mkusanyiko wa bendi ya Emperor uliotoka 2003, miaka miwili baada ya wenyewe kuvunja bendi. Diski ya kwanza ni zile nyimbo ambazo kila mpenzi wa black metal, ule muziki mzito wa magitaa na mayowe, anazijua, nami nimeisikiliza mara mbili basi. Ya pili ni ukoko: kilichoganda chini ya sufuria, ambacho watoto hukigombea. Humo kuna nyimbo za mwanzo kabisa, kuna za wakubwa na wenzao walizozipiga kwa heshima, Bathory, Mayhem, Darkthrone, na kuna zilizofumuliwa zikashonwa upya. Bendi ya Ulver, kwa mfano, wameuchukua wimbo wa "Sworn" wakaupitisha kwenye mashine zao hadi mimi niliyeukariri nikapotea njia. Huo huwa nauruka.

Ila huu wa Mama siuruki. Asili yake ni "Inno a Satana", wimbo unaofunga albamu yao ya kwanza, In the Nightside Eclipse, iliyorekodiwa 1993 hapahapa Bergen, ndani ya ukumbi wa Grieghallen, kwa mkono wa fundi wao wa sauti, Pytten. Huko magitaa yanavuma kama mzinga uliopigwa teke, ngoma zinakimbia, na mwimbaji wao, Ihsahn, anapiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kinanda kipo, lakini kwa nyuma, kama mtu anayeimba chumba cha pili mlango umefungwa. Kwenye toleo jipya wameondoa magitaa, wameondoa ngoma, wameondoa na mwimbaji. Kimebaki kinanda peke yake, kikijifanya okestra. Ndipo unagundua kwamba muda wote ule, chini ya fujo, palikuwa na wimbo wa maandamano, mpole, wenye mwendo wa watu wanaoingia kanisani wamevaa majoho.

Nimelelewa kwenye kwaya ya KKKT, siwezi kujizuia. Leo baada ya chakula nilichukua karatasi nikaanza kuuandika kwa sol-fa, sauti ya kwanza hadi besi. Tena teno inakaa vizuri sana! Nilipofika katikati nikaona aibu, nikaikunja karatasi.

Aibu yenyewe ina historia. Nyumbani ni Mbulu. Hospitali ya Haydom, ambako mimi na wadogo zangu wote tulizaliwa, ilianza 1955 kwa kazi ya wamisionari Walutheri kutoka Norwe. Nilipokuwa mdogo nilidhani Norwe nzima ni wachungaji na manesi. Hakuna aliyeniambia kwamba mwaka 1992 vijana wa nchi hiyohiyo walikuwa wakichoma makanisa. Samoth, mpiga gitaa wa Emperor, alifungwa kwa kushiriki kuchoma kanisa la Skjold. Mpiga ngoma wao alimuua mtu Lillehammer mwaka huohuo, akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Ngoma ninazozisifu kwenye albamu ya kwanza ni za mikono hiyo. Marehemu hakuwa amemkosea neno. Hilo huwa nalisikia kila wimbo unapoanza, na bado naucheza. Sina la kujitetea.

Halafu ninaishi Fantoft, mtaa wa hapahapa Bergen. Wanafunzi tuliotoka Afrika wengi tumepitia mabweni ya hapa, na mimi nilipomaliza shule nikapanga jirani. Kutoka kituo cha treni ni mwendo mfupi kupanda hadi kanisa la mbao. Lilijengwa kijiji cha Fortun yapata mwaka 1150, likahamishiwa hapa 1883 lisije likabomolewa, likachomwa alfajiri ya tarehe 6 Juni 1992. Lililopo sasa ni jipya, lilikamilika 1997, limejengwa upya kwa kufuata umbo la lile la kwanza. Leo nilipanda tena. Msimu huu hufungwa, kwa hiyo nilisimama nje ya uzio na mwavuli wangu uliovunjika mbavu mbili. Mbao zimepakwa lami nyeusi, tayari zinaonekana za kale. Mtalii asiyejua angeapa ni lenyewe.

Nilikuwa na vipokea sauti masikioni. Sikupanga, lakini zamu ilipofika ya wimbo wa Mama, niliuacha ukaisha. Ukisimama pale, hata jina la mkusanyiko, Scattered Ashes, linabadilika uzito: majivu yaliyotawanywa. Ya nani, sasa?

Nimerudi nimekuta ujumbe. Mama anasema kwaya yao inatafuta muziki wa kuingilia siku ya mavuno, na ule wa jana haujamtoka kichwani. Je, naweza kumtumia, pamoja na nota kama zipo?

Karatasi bado iko mfukoni, imelowa kidogo. Sijamjibu.