Moshi mwingi ni hewa tupu

Leo nimeshinda na moshi. Kazi yenyewe ni kipande kifupi cha katuni ya kompyuta, tanuri la matofali linafuka alfajiri, lakini kila fremu inajivuta kompyuta ikiichora. Ukuta haunisumbui: mwale wa mwanga unagonga uso, unapata rangi, basi. Moshi hauna uso. Mwale unaingia ndani, na kila hatua programu inauliza hapa pana moshi kiasi gani, na kutoka hapo inatuma mwale mwingine kuelekea jua. Na hiyo ni pikseli moja tu, nukta moja ya picha.

Na ukichungulia, sehemu kubwa ya sanduku la moshi ni hewa. Sanduku la vokseli (vijisanduku vidogo vinavyoligawa) 1,000 kila upande lina vokseli bilioni moja. Kwa baiti nne kila moja, ni gigabaiti nne, nyingi zikiwa sifuri! Ndiyo maana naipenda OpenVDB, programu ya kuhifadhi moshi wa namna hii, aliyoibuni Ken Museth akiwa studio ya katuni ya DreamWorks, ikatolewa bure mwaka 2012. Inahifadhi penye kitu tu, na mwale unaruka patupu.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni mbinu ya Woodcock, iliyotoka kwa wanafizikia wa nyuklia miaka ya 1960 wakifuatilia nyutroni ndani ya vinu. Unajifanya moshi wote ni mzito sawa na pale ulipo mzito kuliko kote. Mwale unarushwa umbali wa kubahatisha kwa uzito huo wa uongo, ukitua unapigiwa kura. Kama moshi wa pale ni robo ya uzito ule, mara moja kati ya nne mgongano unahesabiwa. Mara tatu mwale unajiendea zake. Cha ajabu, wastani unatoka sahihi kabisa. Nilikaa na kalamu na karatasi ndipo nikaamini.

Shida ni kwamba bonge moja zito pale chini kwenye tanuri linatosha kuufanya mwale usimamesimame bure huko juu kwenye hewa. Kwa hiyo nimeligawa sanduku vyumba, kila chumba na kiwango chake cha juu cha uzito. Hapo mwendo umebadilika kweli.

Zimebaki chenga, vidoavidoa kwenye picha vinavyoletwa na kule kubahatisha. Kisafisha chenga kipo kwenye programu, ila kinalainisha nyuzi za moshi mpaka zinakuwa pamba. Nimekizima kwenye fremu za karibu. Za mbali nimekiacha, nani atakagua?